Fuko Katika Shimo la Simba

Hapo zamani za kale, na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzio, wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakalea watoto na kugombana na majirani kama sisi tu.

Mfalme wao Simba alikuwa na shimo. Lilikuwa kilimani, kuta zake mwamba mtupu, mdomo wake umezibwa kwa jiwe ambalo Kifaru peke yake ndiye aliweza kulisukuma. Wanyama wadogo walikamatwa na kutiwa humo kungojea karamu ya mfalme. Na kwenye karamu hiyo hawakuwa wageni, mnanielewa? Walikuwa kitoweo.

Siku moja Sikitu, binti wa Mama Digidigi, akakamatwa akienda kuteka maji.

"Uwiii! Mwanangu mie!" Mama Digidigi akajitupa mlangoni kwa jirani yake Fuko. "Jirani, watamla Sikitu wangu!"

Fuko mnamjua? Kale kanyama kadogo, macho hafifu, kanachimba chini kwa chini. Basi akaondoka mbio kwenda kilimani. Kwaru! Kwaru! Akachimba upande huu, ngo! Mwamba. Upande ule, ngo! Mwamba. Akarudi kucha zinamtoka damu, na roho inamuuma.

"Dada yangu, kwa nje haiwezekani. Labda sakafuni, kwa ndani, kuna udongo. Itabidi niingie."

"Uingie? Aliyeingia humo hatoki! Na kama hakuna udongo?"

Fuko akaifuta damu kuchani. Kuogopa aliogopa, nisiwadanganye.

"Aliyenipa mikono hii," akasema mwishowe, "hakunipa ya kuombea chumvi kwa majirani tu."

Akaenda barazani kwa Simba.

Sasa sikilizeni desturi ya baraza lile. Mkubwa haruhusiwi kuinamisha kichwa. Marufuku! Ukiinama, cheo huna. Kwa hiyo Simba na mshauri wake Fisi walitembea pua juu, na mambo ya chini hawakuyajua hata chembe.

"Mtukufu, hodi!"

"Nani huyo?" Simba akauliza, macho darini.

"Mimi Fuko."

"Fuko ndiye nani?" Simba akamnong'oneza Fisi.

"Simjui, Mtukufu. Sauti inatoka chini, basi atakuwa mtu wa ovyo."

"Mtukufu," Fuko akasema, "nakuomba uwaachilie walio shimoni. Si wako wale. Ni wa Mungu aliyewaumba, na wewe pia ni wake."

Lahaula!

"Unanifundisha mimi?" Simba akanguruma. "Mtupeni shimoni na yeye!"

Fisi akajikohoza, maana alipenda sana kuonekana msomi. "Una neno la mwisho?"

"Ninalo. Mkinitia humo nitatoka, na waliomo nitatoka nao. Nawaambieni mapema, msije mkasema niliwaficha."

Kwa-kwa-kwa-kwa! Baraza zima likaangua kicheko. Fisi akashika mbavu.

"Mtukufu, huyu hana akili hata ya kuongopa!"

Angeinama mmoja wao tu, akaitazama mikono ile mipana ya kuchimbia, angeshtuka. Lakini nani ainame?

Jiwe likasukumwa, gurururu! Fuko akatupwa ndani, pu! Jiwe likarudishwa.

Giza! Na vilio vya watoto. Fuko akapapasa sakafu. Mwamba. Akasogea, akapapasa tena. Mwamba. Ee Mungu, nimejileta mwenyewe, akawaza. Akafika pembeni alipojikunyata Sikitu, na hapo kucha zake zikazama.

"Udongo!" Machozi yakamtoka. "Sogea, mwanangu, sogea!"

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Yeye akichimba mbele, Kanga na Sungura na Kwale wakipekua nyuma yake, Sikitu akisukuma kwa kwato. Wakachimba mpaka wakatokea bondeni.

Mama Digidigi alimkumbatia binti yake akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akamwosha Fuko zile kucha zake, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Siku ya karamu ikafika. Sufuria zinatokota, wageni wamejaa. Jiwe likasukumwa, gurururu! Kimya. Shimo tupu!

"Wako wapi?" Simba akanguruma. "Nani amewafungulia?"

Fisi akajikuna shingo. "Mtukufu, tangu akamatwe yule mtoto wa Digidigi, jiwe lilisogezwa mara moja tu."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako, Mtukufu. Tulipomtupa yule aliyetuambia."

Simba akainama, akachungulia shimoni.

Haya wanangu, shikeni hili: wakubwa wa dunia wangeijua hekima ya Mungu, wasingeitupa shimoni kwa mikono yao wenyewe.