Fungua Iliyosikika Funga

Hapo zamani, si zamani ya mabibi, zamani ya juzijuzi tu, nilisimama nje ya dirisha la wodi ya waliotengwa, nimekumbatia chupa ya uji, nikaona yote kwa macho haya mawili. Anayebisha aje ayapime.

Ndani alilala shemeji yangu Mbonea, fundi mwashi, na ugonjwa wa kifua unaoruka mtu hadi mtu. Wodi ya jirani mkewe alikuwa amejifungua binti asubuhi ileile. Mara Mbonea akaanza kutweta, midomo rangi ya zambarau.

Daktari Nakunda akaja mbio, uso wazi. Sista Namsifu akaziba mlango.

"Hupiti! Barakoa, miwani, gauni."

"Namsifu, mtu anakufa!"

"Ukiugua wewe, mgonjwa wa kesho atatiwa mrija wa hewa na nani? Vaa!"

Akavaa. Wakaingia wawili. Nakunda akainamia kinywa kile cha hatari, akateremsha mrija kooni mara moja tu, ukakaa. Akasema ndani ya barakoa: "Fungua hewa!"

Namsifu, masikio yamefunikwa na kofia ya gauni, akasikia "Funga." Akafunga.

Kando yangu Bi Naetwe, mfagizi, akaona gololi ya kipimo cha oksijeni inashuka. Huifuta kila siku, anaijua: ikilala chini, hewa haipiti. Akagonga kioo kwa mpini wa ufagio, akaandika kwa povu la sabuni, herufi kubwa: FUNGUA. Namsifu akafungua. Gololi ikapanda, kifua cha Mbonea kikapanda nayo.

Siku ya kumi na mbili, mrija umetoka, Mbonea akalia kwa shukrani. "Binti yangu ataitwa jina la aliyenirudishia pumzi."

Mama yake Mbonea akamkatiza: "Kwetu mtoto hurithi jina moja, baba. Chagua."

Nakunda akasema, "Mrija niliutia mimi, pua yangu karibu na kinywa chake."

"Bila mimi ungelala kitanda cha pili," akasema Namsifu.

"Na hewa alifunga nani?"

"Aliyeambiwa na mtu anayenong'ona!"

Wakacheka hadi machozi. Bi Naetwe akasema taratibu, "Mimi mrija siujui. Gololi naijua."

Mbonea akawashika mikono wote watatu, akashindwa kuchagua. Hadi leo kadi ya kliniki ya binti ina nafasi tupu penye jina.

Nakiri moja: lile povu la sabuni nimelitia mimi. Bi Naetwe aligonga kioo na kupiga ukelele "Fungua!", basi. Mengine sijaongeza hata punje.

Haya, semeni ninyi: binti aitwe Nakunda, Namsifu au Naetwe? Je, nani alistahili?