Fisi Apiga Marufuku Hadithi Tamu

Mwaka ambao mvua ilisahau njia, kilibaki kisima kimoja tu, kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Maji yake yalichuruzika polepole, kwa hiyo wanyama walingoja tangu asubuhi hadi alasiri ndipo wanywe. Wakingoja, walisimuliana hadithi. Desturi ilikuwa moja: msimulizi akinyamaza kidogo, wasikilizaji hujibu, "Ikawaje?" Asiyejibu amelala, na aliyelala hunywa wa mwisho.

Fisi hakuipenda desturi hiyo. Alikwenda kwa Simba, mwenye kisima.

"Mzee Simba, mfalme mzima unasikiliza habari za maboga yanayoruka? Hayo ni ya watoto. Fasihi kubwa haina utamu. Husikilizwa kimya, macho yamefumbwa."

Simba hakupenda kuonekana mjinga mbele ya yeyote. Alisema hata yeye alikuwa anawaza hivyo hivyo tangu zamani. Akamteua Fisi kuwa mhakiki, na "Ikawaje?" ikapigwa marufuku.

Kesho yake Fisi alisimulia mwenyewe. Hadithi yake ilihusu mti mkavu uliokuwa ukitafakari ukavu wake. Hakuna kingine kilichotokea. Kabla jua halijafika utosini, wasikilizaji wote walikuwa wanakoroma, na Fisi alikuwa kisimani anakunywa. Walipoamka walikuta tope.

"Hata ardhi ina kiu," Fisi alieleza.

"Hadithi nzito sana," alisema Simba, akijifuta ute mdomoni. Wote wakakubali kwamba ilikuwa nzito. Nani angekiri kuwa alilala?

Ikawa hivyo kila siku. Swala alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalianza kumkatika. Akamfuata Sungura.

"Kaka Sungura, hivi wewe ule mti uliuelewa?"

"Dada, mimi nililala hata haujatajwa. Na wewe?"

"Mimi vilevile. Lakini mwanangu sasa hana nguvu hata ya kulia."

Sungura akainuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Simba. "Mzee, niruhusu nisimulie upuuzi mmoja, ili ukubwa wa hadithi za Bwana Fisi uonekane vizuri."

Fisi alicheka. "Asimulie. Mimi sitakaa kusikiliza takataka. Najitenga nikatafakari." Akazunguka nyuma ya mwamba, akateremka kisimani kimyakimya.

Sungura akaanza. Palikuwa na kanga aliyefuga wingu bandani. Alililisha mvuke wa uji, likanenepa hadi likang'oa paa. Kanga akashika kamba, wakapaa pamoja, wakawapita tai, wakaupita mwezi ulioanikwa ukauke, wakafika kwenye mlango wa mbingu. Kanga akapiga hodi. Ndani kikasikika kikohozi. Mlango ukafunguka, na aliyeufungua alikuwa...

Sungura akanyamaza, akajikuna sikio.

Wanyama waliuma midomo. Marufuku ni marufuku. Nyani alijiziba kinywa kwa mikono yote miwili.

"Ikawaje?" iliuliza sauti kutoka kisimani.

Vichwa vyote vikageukia kisimani.

"Sema basi, bwana! Nani alifungua?"

Simba akaenda kuchungulia. Fisi alikuwa amesimama humo, ndevu zinadondosha maji, shingo ameinyoosha asipitwe na neno. Maji yalimfika magotini, alikuwa ameyasahau.

"Nafanya utafiti," alisema Fisi.

Nyati walimtoa kwa pembe, wakamfukuza hadi ng'ambo ya vilima. Alikimbia huku akigeuka nyuma, labda Sungura angemalizia.

Simba akakohoa. "Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba hii ndiyo fasihi," alisema, akainama anywe. "Enhe, nani alifungua?"

"Samahani, Mzee. Sauti hainitoki nikimwona mtoto wa Swala hajanywa."

Simba aliyatazama maji, akamtazama Sungura. Kisha, mfalme mzima, akasogea pembeni. Swala akanywa, mwanawe akanywa, na Sungura akaendelea.

Hadithi iliyomtoa mwizi mafichoni na kumsogeza mfalme pembeni, kuiita ndogo ni kujisumbua bure.