Weusi wa Bampa Uani kwa Mzee Gwau

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, Singida kulikuwa na fundi aitwaye Ntandu. Huyu hakugusa injini wala breki. Kazi yake ilikuwa kurudisha weusi. Mnalijua jua la kule: bampa, vishikio vya milango, mikanda ya ubavuni, kila plastiki nyeusi ya gari hupauka ikawa kama majivu. Ntandu aliisugua kwa brashi na maji ya sabuni, akaifuta kwa spiriti, kisha akaipitishia mashine ya hewa ya moto, polepole, mpaka mafuta yaliyozama ndani ya plastiki yapande juu. Hapo weusi ulirudi, na mwenye gari akacheka peke yake.

Karakana hakuwa nayo. Alifanyia kazi uani kwa Mzee Gwau, mgane aliyemwachia kivuli cha ukuta wake bure na kumwita mwanangu. Mzee alibaki na binti mmoja, Siwema, aliyezunguka vijijini kwa baiskeli kununua alizeti na kuileta sokoni.

Asubuhi moja Ntandu alikuwa anajaza ndoo, likaingia gari la Mzamilu, muuza vipuri. Lilikuwa gari kuukuu, plastiki zake zimekufa miaka. Mara ngapi Ntandu alikuwa amemwambia, "Kaka, lete nikufanyie," na Mzamilu akapita bila kujibu! Leo alishuka jasho linamtoka, na jua lilikuwa halijapanda.

"Fundi, nifanyie zote. Anza na bampa la mbele. Sasa hivi."

Ntandu akachuchumaa mbele ya gari. Kwenye bampa palikuwa na mkwaruzo mpana, mbichi. Na kwenye kiungo cha bampa na bodi palikuwa pamenasa nyuzi za kitenge, za rangi ya chungwa.

"Umegonga nini, kaka?"

"Mbuzi."

Ntandu akazitazama zile nyuzi. Mbuzi gani huyu anayevaa kitenge? Swali likamfika kooni. Akamtazama Mzamilu, mteja mwenye marafiki wengi wenye magari, akalimeza. Hakuuliza.

Akazichomoa nyuzi, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu. Akasugua. Akafuta. Akawasha mashine. Moto ulipopita, mkwaruzo ukalegea, ukajifunga, ukapotea.

Mzee Gwau akatoka na birika.

"Leo chai nimeipika mwenyewe, msinicheke. Siwema alilala kwa shangazi yake kijijini, naona anachelewa." Akainama, akapitisha kiganja juu ya bampa. "Ee, Ntandu! Umeliondolea uzee. Hata aliyelitengeneza hawezi kujua limepita wapi."

Mzamilu akashika kikombe, hakunywa.

Alasiri habari zikafika. Siwema alikuwa amegongwa alfajiri kwenye barabara ya kijijini, akarushwa chini ya kalavati, yeye na baiskeli yake. Alikuwa amekufa. Lakini hakufa alfajiri, jamani, na hilo ndilo lililomvunja baba yake. Alikufa mchana. Zulfa, mke wa Mzamilu, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyemkuta bado anapumua. Alimwekea kichwa mapajani, akamfunga jeraha kwa mtandio wake. Siwema aliomba maji, akayanywa kidogo, akakata roho. Waliofika walimkuta Zulfa hapohapo, damu imemkaukia mikononi, akawaambia yote: kwamba alfajiri ile alikuwa ndani ya gari lililomgonga, na mumewe ndiye aliyeendesha. Mzamilu aliposikia mkewe amesema, akaenda kituo cha polisi mwenyewe.

Daktari alisema damu ilimwisha taratibu. Angefikishwa hospitalini asubuhi, angepona.

Ntandu alisaidia kuchimba kaburi. Alipouona mwili ukishushwa, alikumbuka kitenge cha rangi ya chungwa ambacho Siwema alikivaa kila siku ya safari, kitenge alichokuwa amekiona kimeanikwa kwenye kamba ya uani zaidi ya mara moja. Je, asubuhi ile alikikumbuka akajidanganya, au hakukikumbuka kabisa? Mpaka leo hajui. Hakuna aliyejua habari za nyuzi. Mzamilu hakuziona. Ndoo ilikuwa imemwagwa. Angeweza kunyamaza hadi uzeeni. Lakini matanga yalipoanuliwa alipiga magoti mbele ya mzee, akasema kila kitu.

Mzee Gwau hakupiga kelele. Alisema, "Waite na wale wawili."

Wakaja. Mzamilu alikuwa nje kwa dhamana. Wakakaa kwenye mkeka, Zulfa na tumbo lake la ujauzito, Mzamilu kichwa chini, Ntandu mwisho.

"Sheria itafanya yake," mzee akasema. "Mimi nasema ya uani kwangu. Nimezeeka. Kuwachukia watu watatu siwezi, nguvu hizo sina. Wala kuwasamehe wote siwezi, nitakuwa nimemtupa mwanangu mara ya pili. Wawili nitawapa mkono. Mmoja asikanyage tena hapa, na kaburi la Siwema asilione. Haya, semeni."

Mzamilu akasema, "Baba, nilimgonga, lakini sikukusudia. Baiskeli ilikwepa shimo ikanijia. Barabara ileile, siku za nyuma, watu walimshusha dereva aliyegonga mtu, wakampiga hadi akafa, na aliyekuwa naye wakamvunja miguu. Mimi nilikuwa na mke mjamzito. Nilikimbia kwa ajili yake."

Zulfa akasema, "Baba, sikushika usukani. Nilimwambia asimame, hakusimama. Lakini niligeuka nyuma nikaona mkono wa mtu unasogea. Mimi ni muuguzi. Nilikaa nyumbani asubuhi nzima na mkono ule machoni, namwogopa mume wangu. Mchana nikashindwa, nikapanda bodaboda nikarudi. Nilirudi, baba. Nilichelewa, lakini nilirudi."

Ntandu akasema, "Baba, mimi sikugonga, wala sikuona mtu. Niliona nyuzi tu. Wakati nasugua bampa, Siwema alikuwa hai. Neno moja lingetosha, tungemkimbilia wote, hata wewe. Sikuwa na wa kunipiga wala mume wa kunitisha. Niliogopa kumuudhi mteja. Nikazifuta alama zake hapa uani kwako, nikanywa chai yako. Ila nimekuja mwenyewe, hakuna aliyenishika."

Mzee Gwau akatazama kiganja chake, kile alichokipitisha juu ya bampa. Akakifuta kwenye kanzu, akakifuta tena. Kisha akajiinua kwa shida, akausogelea mkeka, mkono umenyooka mbele.

Ntandu hakuthubutu kuinua macho. Aliiona tu miguu ya mzee ikija.

Nanyi mliokaa hapa mmesikia yote, wala simtetei mtu. Wawili waliupata mkono ule. Semeni basi: ulimpita nani?