Mjane Aliyesimika Nguzo

Ndugu zangu, kabla sijaendelea, aliye na mukombero mdomoni na aumeze. Nawaona hapo nyuma. Harufu yake tamu imefika mpaka huku mimbarini. Sikatazi, maana hata mimi tumbo likinisumbua hutafuna mzizi huo. Wenzetu wa Mashariki ya Mbali wana jinsengi yao, wanailea kivulini miaka na miaka kabla ya kuichimba. Sisi Mungu ametupa mukombero. Kuutafuna tunajua sana. Lakini nani hapa amewahi kuupanda? Mmoja? Wawili? Basi sikilizeni.

Palikuwa na mjane aliyekaa kandokando ya msitu. Mumewe alimwachia watoto wa kusomesha na kipande cha ardhi nyuma ya jiko. Mukombero wa msituni ulikuwa umekwisha, kwa sababu kila aliyeuona aliung'oa mpaka shina, akaenda zake sokoni. Mama huyu akasema, "Nitaupanda mwenyewe." Akatafuta mbegu, akachanganya udongo na majani yaliyooza, akazisitiri mbegu zake na jua kali. Zikaota.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mukombero ni mmea wa kutambaa, unataka mti wa kupandia. Ukikosa mti hulala chini, na mzizi wake haunenepi. Na kule kwao, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu, mwanamke hakuruhusiwa kupanda mti. Mti ni alama ya mwenye ardhi. Mwanamke akipanda mti, wanasema ameshadai shamba. Akina baba, msiangalie dari, mila hiyo mnaijua kuliko mimi.

Akamwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu, kwa adabu zote.

"Shemeji, naomba unipandie mti mmoja tu pale nyuma ya jiko."

"Mti wa nini? Ardhi ile ni ya ndugu yangu. Wewe lima sukuma wiki, ule na watoto, unyamaze."

Sasa wewe ungefanya nini? Ungefunga virago urudi kwenu? Mama huyu alilia, ndiyo, uchungu ni uchungu. Halafu akajifunga leso kiunoni, akasimika nguzo. Mila ilikataza mti, haikukataza nguzo! Mchwa wakaila. Akasimika nyingine, upepo ukaiangusha. Kila ilipoanguka alizifungua zile kamba za mukombero kwa vidole, taratibu, zisikatike, akazifunga kwenye nguzo mpya. Majirani wakicheka, "Mama Nguzo, bado hujachoka?" Hata hakugeuka. Alikuwa mkaidi katika jambo jema, na mimi nampenda kwa ukaidi huo.

Siku moja jirani alikata matawi ya ua wake, akayatupa njiani. Mjane akaokota moja nene, akalisimika bila kuwaza lolote. Mvua ikanyesha. Asubuhi anatoka kuwasha moto, anaona nguzo imetoa majani. Jamani, hata yeye alishtuka! Msimu ukapita, na mwingine tena, nguzo ikawa mti wenye kivuli. Mukombero ukaupanda mpaka juu, na huko chini mizizi ikanona. Alikuwa karibu kuvuna. Angechimba upande mmoja, akate mizizi michache, afukie vizuri, mmea uendelee kuishi. Masomo ya watoto wake yote yalikuwa chini ya udongo ule.

Ndipo shemeji akaja na wazee wa ukoo, na panga mkononi.

"Si mnaona wenyewe? Amepanda mti! Ukatwe leo hii, naye arudi kwao."

Mzee mkubwa akamtazama yule mjane. "Mama, ni kweli ulipanda mti hapa?"

"Hapana, baba. Nilisimika nguzo. Ninyi nyote mlipita hapo njiani, mkaniona, mkanicheka. Aliyeiotesha si mimi. Mwulizeni kwanza Yeye kwa nini hakufuata mila yetu, kisha mkate."

Yule mzee akavua kofia yake. Akasema, "Panga ni hilo. Mwenye kesi na Mungu, na aanze kukata." Hakuna aliyeanza. Wakaondoka mmoja mmoja, shemeji akiwa wa mwisho, na mti ukabaki umesimama. Mama yule akavuna, watoto wakasoma.

Naam, pigeni makofi. Imewafurahisha. Sasa nawauliza, wangapi hapa mmejiona ndio yule mjane? Inueni mikono. Loo, kanisa zima! Haya, ishusheni. Ndugu zangu, mjane alikuwa mmoja tu. Waliokuja kumkatia mti walikuwa ukoo mzima. Sisi tulio wengi hivi, tulikuwa upande gani?

Sisi ndio tuliomnyima mti. Sisi ndio tuliomcheka kwa nguzo zake. Na Mungu alipoiotesha, sisi ndio tuliokuja kuikata, tukiita kazi hiyo kulinda mila. Naumia kulisema, lakini nitalisema. Leo baada ya ibada kamati yetu inakaa. Inakaa kuamua kama mama yule anayewafundisha vijana Neno pale chini ya turubai aendelee au akome, eti kwa kuwa hakuna mwanamume aliyempa ruhusa. Tulimnyima chumba, akafundishia nje. Tulimnyima viti, akawakalisha vijana juu ya matofali. Na vijana ambao sisi wenyewe tulishindwa kuwatoa kwenye ulevi wa chang'aa, leo wamejaa viti hivi vya mbele, wanatutazama. Nani amelifanya hilo? Kamati?

Mimi nitaingia kwenye kikao hicho, na sina haja ya kuomba muda wa kufikiri. Nitasimama kando ya mama huyo, na anayetaka kumng'oa ataanza na mimi. Sasa fumbeni macho tuombe, na kila mtu amwambie Mungu, kwa kinywa chake mwenyewe, atakaa upande gani wa meza ya kamati.