Mkwaruzo wa Jiwe Jekundu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani hii ya juzijuzi ambapo simu ya kupangusa ilikuwa imeshafika hata nyumba isiyo na choo, palikuwa na wachimba vito katika miteremko ya Taita. Nyamazeni niwasimulie. Na wewe unayepangusa simu chini ya meza, nimekuona. Kisa hiki kinakuhusu kuliko wote.

Huko kwa wachimbaji, vumbi si la kupuliza likaondoka. Ni unga wa mawe magumu. Likiingia mfukoni pamoja na simu, jioni simu inatoka na uso kama ubao wa kukatia nyama. Watu wa huko wakitazama picha za arusi zao, wanaona wamesimama kwenye mvua.

Basi katika wachimbaji hao palikuwa na wanawake watatu wenye shimo moja. Wa kwanza Saru, wa pili Mkamburi, wa tatu Wawuda. Walianza wakiwa kikundi kikubwa, wenzao wakachoka, wakarudi kupasua kokoto za watu, wakabaki hao. Walichimba kwa zamu, walichekecha kwa zamu, na udongo wote uliingia rundo moja, hata hakuna aliyeweza kusema ndoo hii ni yangu. Lishikeni hilo, maana najua yupo atakayeniuliza jiwe lilichimbwa na nani. Lilichimbwa na wote.

Mteremko ulikuwa wa Mzee Mwashigadi, na sheria yake ilikuwa fupi. Shimo lisilotoa jiwe halina jina. Shimo lisilo na jina halina mwenyewe, na Mzee anaweza kumpa mtu mwingine siku yoyote. Lakini shimo likitoa jiwe la kweli, linaitwa kwa jina la mtu aliyefanya jiwe lijulikane. Tangu siku hiyo yeye na wenzake hawatolewi tena, wala watoto wao, wala wajukuu wao. Na jina ni moja tu. Palikuwa na Shimo la Manga, na Manga mwenyewe alikuwa amekufa kitambo, lakini hata watoto wasiomjua walimtaja kila siku wakienda kuchota maji.

Mzee akawaita wale watatu, akawaambia, "Wanangu, nimewavumilia hadi watu wananicheka. Siku ya soko ikifika na hamna jiwe, shimo nawapa kina Mwakio."

Mwakio alikuwa na vijana wenye vifua na mashine ya kuvuta maji. Alikuwa ameshaanza kupima mahali pa kuiweka. Wale wanawake walimwona akipima, na roho ziliwauma, kwa sababu walijua wakitoka pale ni kokoto hadi mgongo ugome.

Sasa sikilizeni habari za simu.

Simu ya kikundi ilitunzwa na Saru. Ndiyo iliyowapigia wanunuzi, ndiyo iliyowapelekea picha. Siku ya kuinunua, Saru aliwaburuta wenzake hadi kwa kijana mmoja wa pale Voi, muuza protekta, ile ngozi ya kubandika juu ya kioo cha simu. Kijana akatoa ya plastiki, Saru akaikataa. Akatoa ya kioo, akapitisha ufunguo juu yake, akapitisha kisu, hapakubaki alama. Saru akasema, "Hiyo hiyo. Ibandike." Tangu hapo alikuwa akiipangusa kwa kitambaa laini, akiifunga ndani ya leso, akiibeba kama yai la kuatamiwa. Nchi nzima ya vumbi, simu iliyofika shimoni ikabaki bila mkwaruzo ilikuwa hiyo moja.

Mkamburi alikuwa na simu yake mwenyewe, ya gharama, mpya, aliyoinunua baada ya kuuza mbuzi wake. Nayo ilikuwa uchi, ila siku za kazi aliiacha nyumbani. Hakutaka kusikia habari ya protekta.

"Uso mzuri haufunikwi," alikuwa akisema. "Kampuni imetengeneza kioo kigumu, wewe unakivika kingine juu. Unanunua kochi halafu unalifunika nailoni."

Saru alikuwa akimjibu, "Dada, siku itakapokwaruzika usije kulia kwangu."

"Nikilia, nitalilia kwangu."

Kila siku maneno hayo. Asubuhi hayo, jioni hayo. Na Wawuda? Wawuda hakuwa upande wowote. Wawuda alikuwa mtu wa kucheka na kusahau. Ukimtuma chumvi anarudi na habari za msiba. Lakini moyo wake ulikuwa mweupe, na hakuna aliyeweza kumnunia zaidi ya mchana mmoja.

Siku iliyotangulia soko, zamu ya kuingia shimoni ikawa ya Saru. Akamkabidhi Wawuda simu. "Mkononi," akamwambia. "Si mfukoni. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Alisikia kweli. Kisha akaanza kuchekecha, na kuchekecha kunataka mikono miwili. Simu ikaingia mfuko wa aproni. Na ndani ya mfuko huo mlikuwa na nini? Mlikuwa na ufunguo wa nyumba, sarafu, na vijiwe vitatu vyenye tope alivyookota kwenye chekecheke, ili akavitie ndani ya kopo, mtoto wake achezee kama kayamba. Mchimba vito gani anaokota jiwe asilitazame? Wawuda huyo.

Simu ikalia. Alikuwa mnunuzi wa vito, akisema kesho atakuja sokoni, kama wana chochote wamwonyeshe. Wawuda akaitoa kwa furaha apokee, akapokea, akamaliza, akatazama. Mkwaruzo mmoja, mweupe, kutoka kona hadi kona.

Saru alipopanda kutoka shimoni akauona, hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ni mbaya zaidi. "Simu ya kikundi umeilaza mfuko mmoja na mawe?"

"Nisamehe, dada. Nilisahau."

"Wewe unasahau, sisi tunafukuzwa." Akaushika mfuko wa aproni, akaupindua, akavitupa vyote kwenye rundo la takataka za shimo. Ufunguo, sarafu, vijiwe, vyote. "Nenda ukavifuate, na kesho usije."

Wawuda akaenda rundoni akilia, maana bila ufunguo angelala nje. Akaupata ufunguo, akapata sarafu, akapata vijiwe vya mwanawe. Na hapo, jamani, mtu wa kusahau akakumbuka. Akakumbuka yule kijana wa Voi. Ufunguo ulipita juu ya kioo kile hapakubaki alama. Kisu kilipita hapakubaki alama. Sasa nani amekwaruza?

Akarudi. "Dada Saru, nipe simu."

"Umerukwa na akili?"

"Nipe. Imeshakwaruzika, hasara gani tena?"

Mkamburi ndiye aliyeichukua leso, akaifungua, akampa. Wawuda akapitisha ufunguo pembeni mwa kioo. Hakuna. Akapitisha sarafu. Hakuna. Akapitisha kijiwe cha kwanza, kikaacha unga wake tu, ukapanguswa. Cha pili, vilevile. Akapitisha cha tatu.

Kraa.

Kikauma kioo kama panya anavyouma sabuni. Wakatazamana. Wakakimwagia maji, tope likatoka, na jua la alasiri likaingia ndani ya kile kijiwe likatokea upande wa pili likiwa jekundu. Saru alikaa chini kwenye vumbi, yeye asiyekaa chini bila kutandika kitu. Alimshika Wawuda miguu, akamwomba radhi.

Mnadhani kisa kimekwisha? Subirini.

Kesho yake soko likajaa. Mwakio alikuja na vijana wake na sepetu zao begani, watoke sokoni waende moja kwa moja shimoni. Mzee Mwashigadi alikaa kwenye kiti. Mnunuzi akafungua meza yake, akawasha tochi, akalimulika jiwe, akaligeuza, akaliweka chini. Akacheka.

"Mama zangu, hii ni glasi. Ni kioo cha taa ya nyuma ya lori la zamani, kimeungua kikaviringika. Nimeshauziwa hivi vingi."

Vijana wa Mwakio wakacheka hadi wakaegemea sepetu. Mzee akatazama pembeni kwa aibu.

Saru akaitoa simu. "Glasi haikwaruzi glasi. Tazama mikwaruzo hii miwili. Simu hii haijawahi kuwa na mwingine."

Mnunuzi akaitupia jicho. "Hiyo ni protekta ya bei ya chee. Hata ukucha wa kuku utaikwaruza. Kioo cha kweli ni hiki." Akatoa simu yake, akaigonga kwa kidole. "Hiki glasi ya lori haikigusi."

Saru akairudisha simu ndani ya leso. Wawuda akaanza kulia. Mzee akajiinua kitini aseme neno la mwisho.

Ndipo Mkamburi alipopenya katikati ya watu. Akatoa simu yake, ile ile mpya, ile ile ya mbuzi, akailaza mezani kando ya simu ya mnunuzi. Zilikuwa pacha.

"Kioo chako na changu ni kimoja?"

"Ni kimoja."

"Hakina nguo juu?"

"Hakina."

"Kama hili jiwe ni glasi, simu yangu itabaki salama. Kama si glasi, utalinunua kama jiwe, mbele ya watu hawa. Umekubali?"

Mnunuzi akasita. "Mama, utalia."

"Nikilia, nitalilia kwangu."

Watu wakasogea. Mkamburi akashika jiwe, akalikandamiza juu ya ule uso mzuri usiofunikwa, akaliburuta kutoka juu hadi chini. Waliokuwa wanauza ndizi upande wa pili walisikia. Alipoinua mkono, mstari mweupe ulikuwa umesimama katikati ya kioo, na hata kidole kilizama kidogo ulipoupapasa.

Mnunuzi alizima tochi, akaiwasha tena, akalitazama jiwe upya, na safari hii hakucheka. Akasema kwa adabu, "Mama zangu, karibuni tukae tuzungumze."

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka. Vilitoka kwa wauza ndizi, vikapokewa na wauza mboga, vikafika hadi kwa wale wapasua kokoto waliokata tamaa zamani, nao wakatupa nyundo wakaja mbio. Wanawake watatu walibebwa juujuu. Wawuda alicheka na kulia kwa pamoja. Mwakio, na nampa haki yake, aliweka sepetu chini akaja kuwapa mkono. Jiwe lilinunuliwa kama jiwe. Waligawana sawa kwa sawa, bila hata neno moja. Nilisema wazi tangu mwanzo ninawapenda? Basi sasa nimesema.

Mzee Mwashigadi akasimama. "Shimo limezaa. Kuanzia leo hamtolewi. Nipeni jina."

Wote wakaandamana hadi shimoni, kibao cha kuandikia jina kikaletwa.

Saru akasema, "Jina ni Saru. Mlinicheka kwa protekta yangu. Ningenunua ya plastiki, ufunguo ungekwaruza, sarafu ingekwaruza, vijiwe vyote vingekwaruza, tungelaumu ufunguo tukaenda kulala. Na ningeiacha ichakae kama zenu, mkwaruzo mmoja ungeonekana wapi katikati ya elfu? Jiwe lilisema kwa sababu mimi nililinda mahali pa kusemea."

Wawuda akasema, "Dada, wewe jiwe ulilitupa kwa mkono wako. Mimi ndiye niliyelifuata takatakani. Mimi ndiye niliyeuliza nani amekwaruza. Kama ningekutii simu ikakaa mkononi, mwanangu sasa hivi angekuwa anachezea kayamba la jiwe jekundu. Jina ni Wawuda."

Saru akamjibu, "Kosa lako liwe sifa yako?"

"Na hasira yako iwe ya nani?"

Mkamburi akasema, "Nyote mlilijua jiwe, lakini mlilijua jana, wenyewe, na leo mlikuwa mnafukuzwa nalo mkononi. Jiwe ambalo mnunuzi halikubali ni kokoto. Nyinyi simu yenu ilikwaruzika kwa bahati mbaya. Mimi yangu niliikwaruza kwa mkono wangu, nikijua. Jina ni Mkamburi."

Saru akamwambia, "Usingejua kama jiwe linakwaruza, ungethubutu? Ulithubutu kwa sababu ulishaona kioo changu."

Na Mkamburi akamwambia, "Kioo chako kilikuwa na nguo. Ndiyo maana hakikuaminika."

Mzee aliwasikiliza, akatikisa kichwa. Kibao kilishachomekwa mdomoni mwa shimo. Rangi nyeupe ilishakorogwa. Wanawake watatu wamesimama pale hadi leo, wameshikana mikono, wanacheka, wanagombana, wala hakuna anayeachia mkono wala anayeachia jina.

Haya. Wewe uliyekuwa unapangusa simu chini ya meza, njoo mbele, shika brashi. Usiniambie utaandika yote matatu, kibao hakitoshi na Mzee hataki. Usiniambie utaandika la yule umpendaye, nimekuona ukimtazama Wawuda.

Aliyelinda kioo, aliyekikwaruza kwa kukosea, au aliyekikwaruza kwa kukusudia: je, unaandika jina la nani?