Komeo la Zimwi

Siku hiyo, wanangu, walikuwepo Mwanakheri, binti yake mchanga Riziki, na Zimwi aliyemwiba Riziki akamfungia bandani. Hakuwepo mwingine.

Mazimwi hawakatai mashindano. "Fungua komeo la chuma bila kuligusa," Zimwi alisema, "umchukue mwanao. Ukishindwa, ni wangu."

Mwanakheri akatoa sumaku. Mhunzi Chande alimwazima bila hata kuuliza itarudi lini.

Akainyoosha akiwa hatua kumi. Komeo kimya. Zimwi akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, hilo jiwe la kusugulia miguu!"

Hatua tano. Kimya.

"Sogea basi, hata ulipige busu!"

Hatua moja. Komeo likatetemeka. Kicheko kikakatika.

"Simama hapo hapo, dada."

"Si umeniambia nisogee, kaka?"

Akaifikisha sumaku ncha ya komeo, pakabaki upana wa kidole. Chwaa! Komeo likachomoka lenyewe, likaruka, likanasa kwenye sumaku, na mlango ukafunguka.

Zimwi akaingia, akamfuta Riziki makamasi, akamkabidhi kwa mama yake.

Juma lile lile Riziki alianza kutambaa.