Baraza la Korongo na Watazamaji wa Ziwa Lindimo

Watu wangu, mmekaa?

— Tumekaa!

Na walio nyuma kabisa, mnanisikia?

— Tunakusikia!

Basi sogeeni hapa mbele. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu nikianza sirudi nilikotoka. Nianze?

— Anza!

Zamani, zamani za huko nyuma kabisa, wanyama walipokuwa bado wakisalimiana kabla ya kulana, palikuwa na ziwa liitwalo Lindimo. Ziwa hilo lilikuwa halieleweki. Mwaka huu lilijaa mpaka kwenye majani, mwaka mwingine likanywea likawa uji wa matope. Likinywea, wanyama walilia. Likijaa, walisahau.

Sasa, kulikuwa na Bi Ngiri. Bi Ngiri alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Kijino. Siku moja ziwa likiwa limenywea, Kijino alikwenda kunywa maji, akanasa kwenye matope. Mama yake akamvuta. Akamvuta. Akamvuta. Matope yakamshinda nguvu, na Kijino akafia pale pale, mama yake akimwangalia.

Bi Ngiri aliomboleza mpaka machozi yakakauka. Kisha akawaita wanyama wote, akasema, "Jamani, ziwa hili linatuua na hata tabia yake hatuijui. Tulitazame. Tena si leo tu. Tulitazame mwaka huu, na mwakani, na mwaka utakaofuata. Kila mmoja atazame pale anapoishi, halafu tukae pamoja tuambiane."

Wanyama wakasema, "Neno jema hilo!"

Korongo akasikia. Bwana Korongo alikuwa na miguu mirefu, shingo ndefu, na hotuba ndefu kuliko vyote viwili. Alikuwa ameruka mpaka maziwa ya mbali, na kila alipotua alihakikisha watu wanajua ametoka wapi.

Akasema, "Wazo la Bi Ngiri ni zuri mno. Ni zuri kiasi kwamba hatuwezi kumwachia Bi Ngiri. Tuunde Baraza la Kulitazama Ziwa!"

Wakaunda. Mwenyekiti nani? Korongo. Aliyempendekeza nani? Korongo.

Siku ya kikao cha kwanza, Korongo akasimama majini, akanyoosha shingo.

"Ndugu zangu, Baraza hili ni la wote," akasema. "Hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Anayetaka kusema asimame tu majini kwa mguu mmoja, kama mimi, ili tuwe sawa."

Bi Ngiri akaingia majini. Akainua mguu mmoja, pwaa! Akaanguka kifudifudi. Ndege wakacheka.

Bibi Chura akaingia. Akainua mguu mmoja, akazama asionekane. Ndege wakacheka.

Mama Mhanga, yule mchimba mashimo, akafika akipiga miayo, kwa maana yeye hulala mchana. Akasema, "Bwana Mwenyekiti, kikao kingekuwa jioni ningeweza kuja nikiwa na akili zangu."

Korongo akamjibu kwa upole, "Mama, kikao ni cha mchana, na kila mtu anaruhusiwa kuwa macho."

Basi wakasema wale wa mguu mmoja peke yao. Wakasema mpaka jua likapinda. Mwisho wakaimba wimbo wa Baraza:

Ziwa letu sote, sote,
Wa mbele na wa nyuma, sote!

Na maji je? Maji hayakutajwa.

Kikao cha pili kikafika. Wanyama wasioweza kusimama kwa mguu mmoja walikuwa wamenung'unika, na manung'uniko yao yakamfikia Mwenyekiti. Korongo akaguswa sana. Alifumba macho ili kila mtu aone alivyoguswa.

Akasema, "Tumewasikia. Kuanzia leo, ambao miguu yao haijajaliwa watapewa nafasi maalumu."

Nafasi maalumu ilikuwa nyuma ya matete. Huko walikuwa hawaoni wala hawasikii, lakini wimbo ulipofika waliashiriwa kuitikia.

Ziwa letu sote, sote,
Wa mbele na wa nyuma, sote!

Na maji je? Maji hayakutajwa.

Kikao cha tatu kilikuwa cha wageni. Mwari na wenzake walikuja kutoka ziwa la mbali kuona Baraza hili linalosifiwa. Korongo akahangaika huku na huku. Akamtoa Bibi Chura nyuma ya matete, akamweka juu ya jiwe mbele kabisa, akamvisha ua kichwani.

"Wageni wetu, huyu hapa ndiye Chura wetu," akasema. Wageni wakapiga makofi.

Mwari akainama, akamuuliza, "Na wewe, Bibi, kazi yako ni ipi katika Baraza?"

Bibi Chura akafikiri kidogo. Akajibu, "Huwa ninaonekana, Bwana."

Wageni wakacheka sana, wakasema chura huyu ana utani. Wakaimba, wakala, wakaruka zao.

Walipokwisha kuondoka, Bi Ngiri akaja mbele kumchukua rafiki yake warudi nyumbani. Jiwe lilikuwa tupu, ua limeanguka chini. Akainua macho kwa Korongo. Mguu mmoja wa kijani ulikuwa bado unaning'inia mdomoni.

"Bibi Chura yuko wapi?" akauliza.

Korongo akameza. Akajifuta mdomo kwa bawa. "Bibi Chura ameingia ndani kabisa ya Baraza," akasema.

"Umemla!"

"Bi Ngiri, maneno ya namna hiyo yanavunja umoja wetu."

Bi Ngiri akampa kisogo. Aliliokota lile ua, akalipeleka kwa binti wa marehemu. Wakalia wote wawili. Kisha akamwambia, "Mwanangu, mama yako aliniahidi atalitazama ziwa upande wa matete. Utaniangalizia?"

Binti Chura akafuta machozi. "Nitaangalia, Mama. Lakini sitakaa kwenye jiwe lolote."

Basi Bi Ngiri akaanza upya, safari hii kwenye dimbwi lake mwenyewe. Akamwita Binti Chura. Akamwita Mama Mhanga. Akaenda mpaka kwa Mzee Kiboko, akampigia shikamoo, naye Mzee Kiboko akaitikia marahaba kutoka chini ya maji.

Walikutana kila mwezi ulipoandama, jioni, ili Mhanga awe ameamka. Kila mtu alikaa anavyojua kukaa. Kiboko alilala kwenye maji akiacha masikio nje. Mhanga alikaa nusu ndani ya shimo. Binti Chura alipanda mgongoni kwa Kiboko, mahali ambapo mdomo wa korongo haufiki. Anayetaka kusema alisema.

Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa haba. Kiboko akasema, "Katikati ya ziwa maji yamepungua. Zamani yalinifika masikioni, sasa yananifika kifuani."

Binti Chura akasema, "Mzee, samahani. Upande wangu yameongezeka. Penye majani makavu sasa pana vidimbwi."

"Unaniambia uongo mimi ninayeishi humo?"

"Na mimi naishi wapi, Mzee? Mbinguni?"

Mhanga akadakia, "Nyote mnakosea. Maji hayapungui wala hayaongezeki, yamehama. Yako bondeni, ndani ya shimo langu! Sina pa kulala!"

Wakagombana, wakatukanana, wakaachana kwa hasira. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba wenzake wawili hawana akili. Mwezi ulipoandama tena, Bi Ngiri akapita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza, nao wakarudi wamenuna.

Mwaka wa pili mvua ikanyesha ikapitiliza. Ziwa likajaa. Korongo na Baraza lake wakapita juu ya dimbwi wakicheka, "Bado mnatazama? Ziwa si limepona?" Hata Bi Ngiri akaanza kujishuku. Lakini waliendelea.

Mwaka wa tatu mvua ilikuwa njema, si haba wala si nyingi. Na ziwa likashuka. Likashuka hasa, matope yakaanza kuonekana.

Korongo alipoyaona matope akaitisha kikao cha dharura. "Ndugu zangu," akasema, "wakati umefika wa kujenga ushirikiano na maziwa mengine." Akaruka. Baraza zima likaruka nyuma yake, likiimba hewani.

Waliobaki ni wale wasio na mabawa. Hofu ikawashika. Wale wanne wakakaa dimbwini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepandisha sauti.

Bi Ngiri akasema polepole, "Mvua ilinyesha vizuri, na ziwa limeshuka. Basi shida si mvua. Hebu semeni tena, mmoja mmoja, nami nitachora hapa mchangani."

Kiboko akasema katikati yamepungua. Akachora. Chura akasema kwenye matete vidimbwi vinaongezeka. Akachora. Mhanga akasema bondeni shimo linajaa. Akachora. Kisha akaunganisha michoro kwa mstari mmoja.

Wote wakautazama ule mstari. Hakuna aliyekosea. Maji yalitoka katikati, yakapita kwenye matete, yakashuka bondeni, yakapotelea mchangani. Na mstari ule ulifuata njia moja waliyoijua wote. Ilikuwa njia ya Kiboko kwenda malishoni. Babu yake aliipita, baba yake akaipita, yeye akaipita, mpaka ikachimbika ikawa mfereji.

Kiboko akaitazama michoro. Akazama chini.

Habari zikaenea. Nyumbu na pundamilia wakaja wakipiga kelele, "Afukuzwe! Kiboko ametumaliza! Afukuzwe leo!"

Bi Ngiri alisimama mbele yao. Moyo wake ulikuwa mzito kuliko wa wote, kwa sababu sasa alijua nyayo zilizomuua Kijino ni za nani.

Akasema, "Tumejuaje kwamba ni yeye? Ni kwa sababu yeye mwenyewe alitwambia ukweli kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, bila kujua ukweli huo unamwelekea. Mkimfukuza, mwakani nani atasema ukweli hapa? Nani atatwambia habari za katikati ya ziwa? Wewe nyumbu, utaogelea?"

Nyumbu akatazama pembeni.

Maji yakatibuka. Kiboko akaibuka, macho mekundu. "Bi Ngiri," akasema, "mtoto wako..."

"Ndiyo, Mzee," akajibu Bi Ngiri. "Njoo tuzibe."

Wakaziba. Mhanga akachimba udongo, ngiri wakausukuma kwa pua, Kiboko akaushindilia kwa uzito wake, vyura wakaonyesha kila palipovuja. Nyumbu na pundamilia nao, baada ya kuona aibu, wakaleta majani. Na Kiboko akaapa kubadili njia kila msimu, hata ikimbidi kuzunguka mbali. Na kweli alizunguka, huku akilalamika njia nzima.

Mvua zikaja, ziwa likajaa. Mvua zikaisha, ziwa likabaki.

Siku moja anga ikapiga kelele. Korongo huyo, na Baraza lake! Akatua majini, akanyoosha shingo. "Ndugu zangu, kama mnavyoona, mapendekezo ya Baraza letu yamezaa matunda!"

Wanyama wakataka kumrukia. Lakini Binti Chura, juu ya mgongo wa Kiboko, akasema, "Mwacheni. Nataka kumwambia jambo."

Wakarudi nyuma.

"Bwana Korongo, ungemla mama yangu kwa njaa ningesema ndivyo ulivyoumbwa. Lakini ulikuwa umeshiba. Ulimla kwa sababu wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Uenyekiti wako umekwisha, na karibu yangu hutakaa. Lakini Bi Ngiri anasema kila anayeishi hapa alitazame ziwa, nami sitaki ukae bure. Una miguu mirefu. Umesimama humu majini miaka yote. Tuambie, mwaka ule wa kwanza maji yalikufika wapi mguuni?"

Korongo akafungua mdomo. Akauliza, "Mguu upi?"

"Wowote."

"Sikuwahi kuangalia chini," akasema Korongo.

Wanyama wakacheka mpaka maji yakatikisika. Bi Ngiri peke yake hakucheka. Akamwambia, "Basi inamisha shingo, Bwana. Anza leo."

Korongo akainamisha shingo yake ndefu, mbele ya watu wote, akaitazama miguu yake.

Watu wangu, mafunzo ya hadithi yangu ni haya. Anayesema jambo ni la wote, mtazameni amemweka nani nyuma ya matete. Na kitu mnachokipenda wote, kitazameni pamoja, kitazameni kwa muda mrefu, hata mgombane. Na ukweli ukimwangukia mmoja wenu, msimfukuze, shikeni udongo mzibe naye.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi mwenyewe. Nimemaliza?

— Umemaliza!